Mzee Maritim na Moris ya Kapsoit

Tarehe 31 Desemba 1998, Bwana Johana arap Maritim, Ofisa wa Usafiri, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chai kwa miaka ishirini na minne. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa heshima, na heshima ataipata. Lakini yeyote aliyefanya kazi naye anajua kwamba huwezi kuieleza kazi ya Maritim ukiwa umenuna.

Alizaliwa Ndanai, akaajiriwa hapa kama karani, na kiti cha Ofisa wa Usafiri kilipobaki wazi mwaka wa 1978, kamati ya kiwanda ikampa yeye. Sifa zake zilijulikana: mwandiko mzuri, suti ya kijivu, na sauti nzito katika kwaya ya kanisa alikosali mwenyekiti wa kamati. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kufungua boneti ya gari. Hakuwa amewahi.

Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano aliyasimamia malori yetu kwa kuitikia tu kwa kichwa. Dereva akisema gari limechoka, Mzee aliandika limechoka. Lori moja lilipumzishwa wiki nzima kwa sababu, kwa mujibu wa ripoti yenye sahihi yake maridadi, lilikuwa na “homa upande wa dinamo”. Lingine lilinunuliwa kabureta mpya kila baada ya miezi michache. Lilikuwa lori la dizeli, na injini ya dizeli haina kabureta. Zile kabureta zilienda wapi, tuwaachie wenye pikapiki za petroli pale sokoni. Kamati nayo ilipitisha kila ombi kwa kauli moja, chai na mandazi vikiwa mezani.

Mambo yalibadilika Aprili 1994, majani yakiwa mengi kupita kiasi. Lori la Kiptere halikufika kwenye kituo cha kukusanyia majani. Majani ya wakulima yalilala kwenye magunia, yakapata joto, yakawa mekundu. Asubuhi iliyofuata mkulima mmoja mzee, Chepkurui, ambaye Kiptere yote humwita Kogo, yaani nyanya, aliingia ofisini kwa Mzee bila kubisha hodi na kumwaga gunia zima juu ya meza yake.

“Wewe ndiye mkubwa wa magari?”

“Ndiyo, Kogo.”

“Gari letu limekufa na nini?”

Mzee aliitafuta ripoti ya dereva chini ya yale majani, akaisoma. “Panya, Kogo. Wamekula beringi.”

“Hiyo beringi ni ya mahindi ama ni ya chuma?”

Mzee aliigeuza ripoti upande wa pili. Hakujua. Sisi tuliokuwa mlangoni tulikuwa tayari kucheka, ila Kogo Chepkurui hakucheka. Aliona kwamba kweli mtu huyu hajui.

“Wajukuu wangu wanasomeshwa na haya majani,” akasema, akakunja gunia lake na kuondoka.

Mzee aliyaokota majani yale mwenyewe. Jumamosi hiyo akaenda Kapsoit, akanunua gari aina ya Moris lililokuwa limekufa kwenye boma la mchungaji mstaafu, kuku wakiwa wamehamia kiti cha nyuma. Alitaka injini ndogo, alisema, ya kujifunzia. Tulidhani amechanganyikiwa. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye suti, alilala chali kwenye veranda ya nyumba ya kiwanda huku mke wake, Mama Sellah, akimruka na ndoo ya maziwa.

Kuifungua injini kulimchukua siku moja na akajivuna. Alisahau kwamba kufungua si kazi. Hata kuanguka kwenye bonde kunaweza kukufungulia injini. Aliporudisha vyuma, injini ilikataa kuzunguka hata kidogo. Akaifungua tena, akavitia vyuma vyake vya ndani kwenye sufuria kubwa ya harusi ya Mama Sellah, akavipeleka mjini Kericho kwa Mellen Kemuma.

Mellen alikuwa na duka la spea na karakana ndogo nyuma yake. Alitoka Kisii na wazazi wake akiwa mdogo, na hakuwa mtu wa kupunguza maneno. Akachungulia sufuria.

“Mzee, hii umeniletea injini ama supu?”

“Injini, Mama. Haizunguki.”

Mellen akatoa vile vifuniko vinavyoshika beringi, akavipanga kwenye kaunta. “Kila kifuniko kina mahali pake. Kilichongwa pamoja na chuma mwenzake, hakikubali kingine. Wewe umevichanganya kama soksi. Si uliweka alama?”

“Sikuweka.”

“Basi kaa hapo, utafute. Kimoja kimoja. Sitakusaidia.”

Alikaa. Wateja waliingia na kutoka, wengine wakimtambua na kumsalimu kwa furaha isiyo ya kawaida. Alifika nyumbani na vifuniko vyote mahali pake na suti ambayo haikufaa tena kwaya.

Mara ya pili Moris iliwaka, Mungu asifiwe, na ikatoa moshi mwingi hivi kwamba wafanyakazi wa zamu walikimbia kuangalia kama tanuri la kukaushia chai limeshika moto. Alikuwa amelazimisha ringi za pistoni kwa bisibisi akavunja mbili, akaona haya kusema. Mellen alipoambiwa alicheka hadi akashika kaunta, kisha akamwonyesha jinsi ya kuipanua ringi kwa vidole, polepole. Mara ya tatu aliiwasha Jumapili baada ya ibada. Ilinguruma vizuri, ikaendelea kunguruma. Mama Sellah anasema mumewe aliketi kwenye ngazi akalia. Mzee anasema ni petroli iliingia machoni.

Jumatatu aliingia gereji ya kiwanda, akamwendea dereva aliyekuwa akisimulia ugonjwa mpya wa lori lake, akamwambia kwa upole, “Nitolee hiyo beringi niishike.” Mwezi huo madereva wawili waligundua ghafla kwamba wana wito wa kilimo. Malori yakaanza kufika vituoni. Katika mkutano mkuu kamati ilijipongeza kwa uongozi wake wenye maono.

Wakati wa mvua kubwa za mwishoni mwa 1997, lori lilizimika tena Kiptere likiwa na shehena ya majani. Mzee alikwenda mwenyewe, akaingia chini yake kwenye tope. Kogo Chepkurui alikuja na mwavuli, akamkinga miguu, maana ndiyo tu iliyoonekana.

“Leo ni nini?”

“Hewa imeingia kwenye pampu ya dizeli, Kogo.”

“Haya. Itoe.”

Akaitoa. Majani yalifika kiwandani yakiwa bado mabichi. Kogo hakusema asante, na Mzee aliniambia hajawahi kusifiwa vizuri hivyo.

Kamati ilimwomba aongeze miaka miwili. Alikataa, anataka kufungua gereji Ndanai, na Mellen amekubali kumuuzia spea, kwa sharti kwamba asilete chochote kwenye sufuria.

Sasa, wapendwa, jambo la mwisho. Ninapomaliza kuandika haya, lori lililopaswa kubeba viti vya sherehe yake limekataa kuwaka, na Mzee ameombwa “aangalie tu kidogo”. Mnaposoma mstari huu, kiti cha mgeni wa heshima kikiwa bado kitupu, msianze kuimba. Kwaya ingoje. Sikilizeni upande wa gereji.

Bwana Maritim, asante kwa kukubali kuonekana mjinga mbele yetu sote, kitu ambacho wakubwa wengi hapa bado hawajathubutu. Ukishanawa mikono, njoo tukuage. Tunakutakia wewe na Mama Sellah siku nyingi, afya njema, na barabara isiyo na tope.