Kikombe cha Bati Mbele ya Majaji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mlioitika nimewasikia, na mliokaa kimya nimewaona pia. Wazee wote wa Masieda, shikamooni.

Haya nimeyaandika kwenye karatasi kwa sababu nikisema kwa mdomo mtupu nitalia, na katika kijiji hiki nimelia vya kutosha. Nimeishia darasa la nne, nikikosea mnivumilie. Mchungaji wetu huyu mpya ameniambia, "Mama Neema, toa ushuhuda, lakini majina ya watu uyaache." Mchungaji, nisamehe. Majina nitayataja. Mungu aliponitoa, alinitoa mikononi mwa watu, na watu hao wana majina.

Nililetwa hapa bibi harusi wa Gwandu, mtoto wa Mama Tluway. Wengi wenu mlicheza siku ile. Tukampata Neema, akafa kwa degedege hata kutembea hajaimarika. Nikabeba mimba nyingine, nikajifungua mtoto mfu. Sisi Wairaqw tunaijua mila yetu, ila kuna wageni hapa, niwaeleze. Mwanamke aliyejifungua mtoto mfu anakaa metimani, yaani anatengwa. Hashiki mkono wa mtu. Hakanyagi shamba la jirani. Hachoti maji penye watu, na chombo anacholia chakula hakiguswi na mwingine. Inasemekana kifo kimemshika, na kinaweza kumhamia atakayekula au kunywa naye. Lakini mila yenyewe ina mwisho, ndugu zangu! Iko siku mtu anatolewa, anasalimiwa kwa mkono mbele ya wote, yamekwisha.

Siku yangu haikufika. Kabla ya hiyo siku, Gwandu alianguka na pikipiki kwenye korongo, akafa. Na kwenye msiba wake, wakati nimekaa chini na kanga kichwani, akasimama Hhando, shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Akasema, "Huyu bado ana kifo. Amemaliza watoto, sasa amemaliza mume. Asitolewe!" Hakuna aliyembishia. Mama Tluway, mama mkwe wangu, akaingia ndani akatoka na kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa buluu. Akakiweka chini, akakisukuma kwa fimbo mpaka miguuni pangu. "Hicho ndicho chako. Usichanganye na vyetu." Shamba letu la mahindi na vitunguu saumu, Hhando alililima msimu uleule. Sisemi zaidi.

Miaka mingapi? Sikuihesabu. Watoto walifundishwa kuzunguka wasipite uani kwangu. Jina la Mama Neema likafa, nikawa "yule". "Yule amepita." "Yule yuko kisimani, subiri kwanza atoke." Nikawa naongea na chungu. Nauliza, "Umeiva?" Najibu mwenyewe, "Bado kidogo." Siku nyingine nilikuwa nakohoa makusudi, nisikie sauti ya mtu ndani ya nyumba.

Nikasema basi, kanisani nitapona. Mzee Bura, wewe uliyekaa hapo mbele na koti lako, unakumbuka? Meza ya Bwana ilipofika kwangu, ulikipitisha kikombe juu ya kichwa changu ukampa wa pili yangu. Kisha ukanimiminia mimi kwenye kifuniko cha chupa ya soda. Damu ya Yesu kwenye kifuniko cha soda! Ukaninong'oneza, "Ni ile ile tu, dada, usijisikie vibaya." Nikajisikia vibaya, Mzee Bura. Nikaacha kuja.

Nikakimbilia Dirma kwa dada yangu wa tumbo moja, Marselina. Nilidhani damu itashinda. Akanipokea, chakula akanipa, lakini akanitandikia kwenye banda la ndama. Akasema, "Mdogo wangu, mimi nina watoto wadogo." Simlaumu sana. Ila nimemtaja.

Ndiyo nikaenda Arusha. Nikapata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa mdogo wa kahawa. Sikumwambia mtu habari zangu. Niliosha vikombe vya watu kwa sabuni na maji ya moto, nikifunga mikono kwa mifuko ya nailoni, na cha kwangu cha bati nilikificha kwenye kikapu. Chai yangu nilinywa humo peke yangu, nyuma, karibu na mapipa. Ndugu zangu, Hhando alibaki huku Masieda, lakini kazi yake nilikuwa naifanya mwenyewe kule! Nilijitenga vizuri kuliko alivyonitenga yeye.

Pale mgahawani alikuwepo binti anaitwa Rehema, Mrangi wa Kondoa. Yeye ndiye aliyepika kahawa kwa ile mashine inayofoka mvuke. Watu wa kazi hiyo wanaitwa mabarista. Mchangamfu, maneno hayamwishi. Alikuwa ananitania, "Mama Neema na kikombe chake, kama askari na bunduki!" Mimi nacheka kwa mdomo tu.

Yakatangazwa mashindano ya mabarista kwenye ukumbi wa hoteli moja, na Rehema akajiandikisha. Siku moja kabla akaniambia, "Mama, twende tukaonje wenzetu wanapika nini." Tukazunguka mji mzima. Tukaanzia kijiwe cha kahawa karibu na mafundi baiskeli. Mzee ana birika juu ya mkaa na vikombe vidogo ndani ya ndoo moja ya maji. Huyu anakunywa, kinasuuzwa, anapewa yule. Wazee, vijana, Waislamu, Wakristo, wote midomo yao kwenye vikombe vilevile! Mimi nikatoa bati langu. Yule muuza kahawa akasema kwa sauti, "Aaah, mama mkubwa amekuja na serikali yake!" Mwingine akadakia, "Muulizeni, na maji ya kuoga anatembea nayo?" Wakacheka, Rehema naye akacheka. Mimi nikasogea kwenye ukuta.

Tukaingia mgahawa mkubwa wa vioo, kahawa inachorwa moyo juu ya povu la maziwa. Kijana wa pale akatazama bati langu akasema kwa adabu, "Mama, vikombe sisi tunavyo." Nikasema, "Najua, mwanangu." Tukaenda na mahali wanapokaanga buni, moshi unanukia kama mahindi yanayoungua. Nimetembea mji mzima siku ile katikati ya watu wanaokunywa pamoja, na sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata huku Masieda. Na niwaambie ukweli, kahawa yenyewe ni chungu kama dawa ya mwarobaini! Siielewi mpaka leo.

Siku ya mashindano Rehema alinitafutia kibarua pale pale ukumbini, kuosha vikombe nyuma ya meza za washindani. Muziki mkubwa, mtangazaji ana kipaza sauti, majaji wamekaa na kalamu zao. Kila mshindani ana dakika zake, na kila jaji lazima apewe kikombe chake. Maji yakakatika hotelini. Wakasema ndoo zinakuja. Beseni langu likajaa vikombe vichafu, mimi nimesimama naangalia tu.

Rehema akaingia. Alianza vizuri! Alipofika kwenye kahawa ya maziwa, kikombe kimoja kikamponyoka, paa! Vipande. Akageuka kwangu.

"Mama, kikombe!"

"Vyote vichafu, maji hakuna!"

"Chako! Nipe chako!"

Nikamwambia, "Rehema mwanangu, hicho kina kifo. Atakayenywea atakufa."

"Kina nini?" Muziki ulikuwa umetufunika. "Mama, dakika zinaisha!" Akaingiza mkono mwenyewe kwenye kikapu changu, akakichomoa, akamimina, akachora na jani juu ya povu. Akakipeleka kwa jaji wa mwisho, mzee mwenye mvi, miwani imening'inia kifuani.

Nikapiga kelele, "Baba, acha! Usinywe!" Lakini ilinitoka kwa Kiiraqw, na ukumbi mzima hapakuwa na mtu wa kwetu. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Mmesikia? Mashabiki wa Rehema hao!" Watu wakapiga makofi. Na yule mzee akanywa. Wenzake walionja kidogo wakaweka chini. Yeye alikunywa mpaka akakiinua juu, nikaiona shingo yake inameza.

Nikatoka mbio. Nyuma ya hoteli kulikuwa na tangi la maji, tupu, nikaanguka hapo kwa magoti. Ndugu zangu, miaka yote nilikuwa namwomba Mungu, nitoe mimi, niangalie mimi. Siku ile nilijisahau kabisa. Nikasema, "Yesu, mzee wa watu hana kosa. Hanijui hata mimi. Kama ni kifo, kirudi kwangu, nimekizoea." Nikaomba hivyo hivyo, maneno yaleyale, mpaka yakaniishia. Sikusikia sauti. Sikuona mwanga, siwaongopei. Magoti ndiyo yaliniuma. Nikasimama, nikarudi kumtafuta yule mzee.

Nikaanza kumfuata. Akienda kule, na mimi kule. Akikaa, nasimama nyuma ya nguzo namwangalia kama anapumua. Akashika kifua, nikasema ndiyo hii sasa! Kumbe anatafuta miwani yake. Mwisho akageuka.

"Mama, unanifuata?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Baba, unajisikiaje?"

"Mimi? Nina njaa. Tangu asubuhi ni kahawa tu, hata andazi hawajatupa."

"Tumbo haliumi? Kichwa hakizunguki?"

"Mama, wewe ni daktari?"

"Kile kikombe cha bati, baba. Ni changu."

Akacheka, mabega yakatikisika. "Ahaa! Sasa umefanya vizuri umekuja. Mwambie binti yako nimemkata alama kwa ajili ya hicho kikombe. Hakifanani na vingine, tena bati linaunguza midomo. Lakini kahawa ilikuwa nzuri sana. Siku nzima ni hiyo moja tu niliyoimaliza."

Haleluya! Hakufa mtu! Alikata alama tu! Miaka yote ile nimebeba kifo kwenye kikapu, natembea pembeni ya barabara nisigusane na watoto wa watu, kumbe kosa la kile kikombe ni kuunguza midomo! Nilikaa chini palepale kwenye zulia la hoteli, nikacheka na machozi yananitoka. Mzee wa watu akaona aibu, akaniitia soda.

Rehema hakushinda. Akanuna njia nzima. Tulipofika kile kijiwe cha mafundi baiskeli akalipuka. "Mama, na kikombe chako umenimaliza! Na kelele zile ulizopiga zilikuwa za nini?" Nikamwambia yote. Neema, mtoto mfu, Gwandu, fimbo ya Mama Tluway, kifuniko cha soda. Nilisema nikiangalia chini, kwa sababu nilijua nikiinua macho atakuwa ameshaondoka, kama dada yangu, kama ninyi.

Nikainua macho. Yupo. Akachukua kikombe changu, akampa yule muuza kahawa akijaze. Akanywa nusu, akanipa.

"Malizia."

"Rehema..."

"Mama, malizia, inapoa."

Nikamalizia. Ilikuwa chungu. Tangu msiba wa Gwandu sikuwa nimeweka mdomo wangu mahali palipotoka mdomo wa mtu mwingine. Hapo ndipo Bwana aliponitoa, ndugu zangu! Mila ilikuwa na siku ya kunitoa, Hhando akaizuia. Mungu akaipanga kijiweni, kwa mkono wa binti wa Kiislamu, na mafundi baiskeli ndio mashahidi. Asifiwe!

Sasa msinielewe vibaya. Upweke haujaisha. Bado narudi kwenye chumba ambacho sina wa kuniuliza nimeshindaje. Nikisikia mtoto anaitwa Neema sokoni, nageuka. Ila hofu imetoka. Wanaoguswa na mikono yangu hawafi.

Mtaniuliza, umesamehe? Nasamehe. Leo asubuhi nilikuwa nimeshamaliza, nimeingia humu ndani nikamwona Hhando ameweka mguu juu ya mguu, nikalazimika kuanza upya. Mama Tluway, najua sasa huoni vizuri na masikio yamechoka, aliyekaa nawe akuambie: nimekuja kwa amani. Hhando, shamba lilime. Sikuja kwa ajili ya shamba.

Na wewe uliyekaa humu umetengwa na watu wako, iwe kwa mila, kwa ugonjwa, kwa maneno tu ya ukoo, nakusihi, mwamini Yesu! Usikae mlangoni ukisubiri waliokutoa nje waje kukuingiza. Wao wanaweza kusahau. Yeye hajanisahau hata mimi.

Nimemaliza. Nje, pale kando ya ukuta wa ofisi ya kanisa, nimebandika birika la kahawa juu ya mkaa, nimepika kwa mikono hii, bila mifuko. Baada ya ibada nitakaa pale. Atakayekuja nitamshukuru Mungu kwa ajili yake. Wasipokuja, nitakunywa mwenyewe, kazi hiyo naijua.

Mzee Bura, karibu. Mama, nitakuletea hapo ulipokaa. Shemeji Hhando, ya kwako nimeitia sukari nyingi, kama unavyopenda.