Historia ya Bi Usiguse, Mbunifu wa Stendi za Kupimia Mwale

Marehemu, ambaye kazini walimwita Bi Usiguse kwa jinsi alivyowakaripia wenye vidole vyepesi, na jina hilo likamfuata hadi nyumbani, alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi, ambako alihitimu uchoraji wa mitambo mwaka 1985.

Mwaka 1989 aliajiriwa penye ile mashine ya duara, pana kama uwanja wa mpira, ambamo elektroni huzungushwa kwa kasi hadi zitoe mwanga mkali wa kuchunguzia dawa na vyuma. Yeye alibuni stendi za kushika vipimio vinavyoonyesha mwale wa elektroni unapita wapi ndani ya bomba, stendi zisizotakiwa kusogea hata kwa unene wa unywele. Familia haikuelewa, ikawaambia watu anatengeneza taa, majirani wakaleta taa zao mbovu, naye akazitengeneza huku akicheka.

Alifunga ndoa na dereva wa lori tarehe 24 Agosti 1991, wakajaliwa mabinti wawili.

Aliugua figo mwezi Januari mwaka huu, wiki ileile vipimio kule kazini vilipoanza kuonyesha mwale unahama kila alasiri, baadhi ya wenzake wakisema kweli unahama, wengine wakisema ni stendi yake inayotanuka kwa joto. Wodini aliuliza kila mara kama imesogea, mumewe akasogeza kitanda, dada yake akasogeza mto, binti mkubwa akasogeza meza, na bado akauliza. Mwishowe akaja mhandisi mwenzake, akamwinamia, akamwambia, "Stendi yako iko palepale, dada, uliohama ni mwale."

Marehemu akafumba macho, kisha akauliza, "Mmetumia kipimio gani?"

Mhandisi, aliyejua kwamba kipimio hicho nacho kilikaa juu ya stendi nyingine ya mgonjwa huyohuyo, akababaika. Alfajiri iliyofuata, tarehe 3 Machi, marehemu alifariki, mumewe anaapa alikuwa akitabasamu, dada yake anasema ule ulikuwa uso wake wa kukagua mchoro wenye kosa, na familia mpaka sasa haijui ishike lipi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake waliozima mashine ili wafike hapa.

Pumzika sasa kwa amani, mama, kule kazini wameahidi kupima upya.