Akala ya Kushoto Kwenye Geti la Koko Soipan

Mchungaji, wazee wa familia ya Parmuat, majirani wetu wa Kitengela na nyinyi mliotoka Kajiado na Isinya kuja kutusindikiza, kabla ya kufika kwa tarehe na miaka ni lazima tuanze na ile nyundo, kwa sababu tangu Jumanne usiku hakuna anayeongea kitu kingine, kwamba saa saba usiku kulisikika mtu akigonga soli nyuma ya nyumba ya Koko, anagonga mara tatu, anapumzika, anagonga tena mara tatu, vile tu marehemu alivyokuwa akigonga, na wakati huo mwili wake ulikuwa mochari siku ya tatu, na Mama Jentrix jirani yetu anasema alisukuma meza mpaka kwa mlango akailalia. Mlio huo utaelezwa, lakini kwa zamu yake, mtuvumilie.

Marehemu Soipan Parmuat, tuliyemwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai, alizaliwa mwaka wa 1954 karibu na Isinya, kitambulisho kinasema tarehe moja Januari kama vya wengi wa rika lake, akasoma Kajiado mpaka darasa la nne, akatolewa shule kuchunga ndama, na tarehe 8 Disemba 1973 akaolewa na Mzee Parmuat, wakajaliwa watoto watatu, Nashipae, Felix, na Dennis ambaye ni kitinda mimba. Mwaka wa 1998 aliingia shamba la maua huko Isinya, akafanya kazi miaka kumi na minne, na ni huko alianza kuokota gambuti, vile viatu virefu vya mpira, zilizopasuka, anaziosha, anazitoboa chini, anazijaza udongo na kuzining'iniza kwa ua, na hata leo ile sukuma mnayoona hapo inamea ndani ya miguu ya watu.

Tarehe 14 Oktoba 2009, ule mwaka wa kiangazi, Mzee Parmuat alifariki akiwa amefuata ng'ombe upande wa Namanga, na mwenzake wa malisho akamletea Koko akala zake za tairi, naye akaziweka kando ya mlango. Asubuhi zilikuwa kwa lango la boma, zimepangwa, zimeelekea nje, na asubuhi ya pili vivyo hivyo, watu wakasema ni mbwa, Koko akawauliza ni mbwa gani huyo anajua kulia na kushoto. Siku ya tatu alichukua kisu, akalitaja jina la mume wake mara moja ndani ya kiatu, akazikata, ya kushoto ikawa bawaba za kibanda cha kuku, na ya kulia akampelekea dada yake huko Entarara, akaifanya mshipi wa kubebea maji. Hazikutembea tena.

Alipohamia Kitengela mwaka wa 2012 habari ilikuwa imemtangulia, na watu walianza kuleta viatu vya marehemu wao ambavyo waliogopa kuvaa na kuogopa kuchoma, wakaja pia wenye viatu vilivyochakaa tu, na kila mmoja aliulizwa mwenyewe yuko wapi, mpaka Mama Jentrix akawa akifika na ndara anapiga kelele kutoka barabarani kwamba Koko, ndara imekufa lakini mimi niko hai, usije ukaniita huko ndani. Alitengeneza mikoba kwa ngozi ya buti, mito iliyojazwa soli za sponji, mikeka ya ndara, kola za mbwa, na baadhi yenu mmekalia kazi ya mikono yake saa hii. Alikuwa na sheria moja, kwamba wa kushoto na wa kulia hawakai nyumba moja, kwa sababu kiatu kimoja hakina mahali kinaenda.

Tarehe 20 Agosti 2022 mwanawe Dennis alimuoa Beverlyne, msichana wa Bungoma aliyemaliza kidato cha nne, ambaye ndiye anawasomea, na tarehe 3 Juni 2023 wakapata mtoto, Roy. Mwaka huu mwezi wa Machi mtoto huyo alikuwa na miezi ishirini na moja na bado hatembei, majirani wanauliza kila siku, mama yake anaumia roho, na siku moja Koko akiwa kanisani mkamwana huyu alifungua gunia la viatu ambavyo havijakatwa, akatoa jozi ya ngozi ya kahawia, laini sana, akamshonea mtoto viatu viwili vidogo, cha kushoto kutoka kwa cha kushoto na cha kulia kutoka kwa cha kulia, kwa sababu hakujua, au tuseme alijua lakini aliona ni mambo ya wazee. Roy alisimama dakika hiyo hiyo. Alitembea bila kuyumba, mikono nyuma, mpaka getini, akasimama akiangalia barabara ya Isinya kama mtu anayengoja gari la kazi.

Viatu vile vilikuwa vya mlinzi fulani, jina lake linabaki hapa kifuani, aliyetoka saa kumi na mbili jioni kwenda zamu na hakurudi. Koko aliporudi hakugombana, alisema tu, Mama Roy, umemvalisha mtoto safari ya mtu, akavikata mara hiyo na kuvitenganisha, lakini mtoto alikuwa amekwisha kuishika ile njia, kila siku saa kumi na mbili jioni anaenda getini miguu mitupu, na geti letu halikuwa na bawaba, lilikuwa limefungwa kwa waya tu, na tarehe 19 Mei alipatikana nje, hatua nne kutoka kwa malori.

Siku hiyo Koko alikuwa ameanza kukohoa. Alilazwa Kajiado tarehe 29 Mei na nimonia, na Ijumaa tarehe 6 Juni alimtuma mkamwana avute akala zake mwenyewe chini ya kitanda cha hospitali, akamwambia asingoje zifike mlangoni, ya kushoto iwe bawaba za lile geti, kwa maana mtoto anamjua na yeye atasimama hapo, na kuhusu ya kulia akamnong'oneza. Alitutoka Jumapili tarehe 8 Juni 2025, saa kumi alfajiri.

Kwa hivyo nyundo ya Jumanne ni yangu, mimi Beverlyne, mnisamehe. Nililitaja jina lake ndani ya kiatu, nikakata, nikagonga bawaba mbili hapo nyuma ya nyumba, asubuhi nikazipigilia getini, na Jumatano saa kumi na mbili Roy alienda getini, akaweka mkono kwa ule mpira, akasikiliza, akacheka, akarudi kwangu. Alhamisi alirudi, na jana alirudi. Lakini Mama Jentrix anasema ilimgongea mpaka jogoo wakawika, na mimi saa nane nilikuwa kitandani nimemkumbatia mtoto, nikiisikia kama nyinyi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kajiado, wenzake wa shamba la maua, akina mama wa kanisa na majirani mliolala hapa wiki nzima hata baada ya kuogopa. Tunawaomba tu, mkienda nyumbani, msianze kulinganisha nani ana wa kushoto na nani ana wa kulia, na msichome kitu.

Pumzisha miguu, Koko, geti tumekuachia. Ile ya kulia iko kwa nyumba ya mmoja wenu mliokaa hapa, ulimchagua mwenyewe, naye hajui, na vile nilikuahidi nikishika mkono wako, hakuna mtu mwingine nitamwambia.