Sherehe Aliyoipika

Mpishi alikuwa amepakata sufuria tupu kwenye basi, akitoka kwenye sherehe ya utamaduni wa kwao huko ugenini. Ada ya wapishi ni kusimuliwa sherehe waliyoipika wenyewe, basi kinyozi aliyeketi kando yake akamsimulia.

"Chakula kilikuwa kitamu, dada, lakini ile filamu ya maisha ya nyumbani waliyotuonyesha ndiyo iliyoniliza. Kuna mama anashona mlangoni kwake, anakata uzi kwa meno."

"Halafu sindano anaichomeka kwenye kilemba?"

"Hivyo hivyo. Kumbe uliiona."

"Nilikuwa jikoni, nawapakulia." Aliiweka sufuria sawa mapajani. "Huyo ni mama yangu. Hata kumzika sikuwahi."

"Pole, dada. Mwakani wataionyesha tena."

"Na mwakani nani atapakua?"

Basi lilisimama kituoni kwa mpishi. Hakuinuka.