Verlene Kjelstad, Karani Aliyejisahihisha Mbele ya Bunge Zima

Tarehe 30 Juni Bi. Verlene Kjelstad anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kulitumikia Bunge letu la jimbo, mingi yake akiita majina ya Waheshimiwa na kuandika walichojibu. Maspika kumi na wawili wamepita kwenye kile kiti kilicho nyuma ya meza yake. Wao wamekwenda, yeye yupo. Nimeombwa niandike haya kwa kuwa nimelinda mlango wa ukumbi huu miaka ishirini na sita, na kwa kuwa, wanasema, mdomo wangu haufungiki. Sawa, nimekubali.

Alikuja mwaka 1991 kutoka kwenye mashamba ya ngano ya kaskazini, mpiga chapa wa muda, mkataba wa siku sitini. Msimu wa tatu wa vikao akawa karani msaidizi, wa nane akawa karani wa kura, yule anayeita majina. Majina yetu hapa ni ya Kinorwe, Kicheki, Kijerumani na Kidakota, na Verlene hakuvumilia jina la mtu kuvunjwa. Kabla ya kila Bunge jipya alipiga simu nyumbani kwa Waheshimiwa kuuliza linavyotamkwa. Mama mmoja alimshika kwenye simu dakika arobaini na kumalizia na maelekezo ya kupika maandazi ya mbegu za ua la mpopi. Jumatano iliyofuata tuliyala, na yalikuwa matamu kweli.

Sasa nije kwenye lile ambalo wengi mnangoja nilitaje.

Miaka sita iliyopita lililetwa azimio la kuomba mkutano wa kubadili katiba ya nchi. Majimbo thelathini na manne yakiomba, Bunge la taifa halina budi kuuitisha. Walioutaka walisema serikali ya Washington inatumia fedha kama mlevi na lazima ifungwe kamba. Waliopinga walisema ukishaufungua mlango huo, hujui kitakachotupwa nje. Mjadala ulikwenda siku tatu. Watu waliosoma shule moja, wanaosali kanisa moja, wakawa hawasalimiani kwenye ngazi.

Na aliyezunguka jimbo zima miaka tisa na gari lake bovu kukusanya sahihi za azimio lile alikuwa Arlo Kjelstad. Ndiyo, mume wake. Verlene mwenyewe alikuwa upande gani, hadi leo hatujui, na msijaribu kumuuliza.

Mambo ya katiba hapa hayapigiwi kura kwa vitufe. Jina huitwa, mtu hujibu kwa mdomo, na lazima awe kwenye kiti chake, ndani ya uzio wa shaba unaozunguka viti. Zilihitajika kura thelathini na sita kati ya sabini. Verlene aliita, macho kwenye karatasi. Spika akatangaza: thelathini na sita, azimio limepita. Roshani ya wageni ikalipuka kwa makofi, Arlo akiruka kama kijana.

Ndipo Verlene alipoinua macho. Mheshimiwa Durward Pesek, aliyejibu “Ndiyo!” kwa sauti ya kutikisa taa, alikuwa amesimama nje ya uzio, leso shingoni, bakuli la supu ya maharage na nyama mkono mmoja na mkate wa mdalasini mkono wa pili. Alikuwa ameitikia akiwa anakula.

Hakuna mpinzani aliyemwona. Mimi nilimwona, nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilijiambia, aah, ni hatua tatu tu kutoka kwenye uzio, kuna ubaya gani? Nikanyamaza. Naona aibu mpaka leo.

Verlene alisimama. “Mheshimiwa Spika, nimekosea. Nimehesabu kura ya mtu aliyekuwa nje ya uzio. Zilizo halali ni thelathini na tano.”

Spika akainama: “Bibi Karani, una uhakika? Fikiri vizuri.”

“Nimeshafikiri, Mheshimiwa. Kosa ni langu.”

Kweli lilikuwa lake, na hilo ndilo lililomuuma. Angeinua macho mapema, Pesek angeingia na kura ingehesabika. Matokeo yakishatangazwa, kanuni hairuhusu kura kuongezwa. Azimio likaanguka. Arlo akashuka ngazi bila kumwangalia mkewe.

Wiki hiyo barua za kutaka afukuzwe zilijaza kikapu. Aliyemwokoa ni Pesek mwenyewe, aliyeiambia kamati iliyokaa kumjadili: “Nilikuwa nje, nilikuwa nakula. Mnamfukuza kwa kuwa ana macho?” Huko nyumbani, kama Verlene alivyotusimulia akicheka huku machozi yakimtoka, Arlo alikaa siku kumi na moja bila kusema naye. Alikuwa anaongea na mbwa ili mkewe asikie.

Februari mwaka huu azimio likarudi. Siku tatu tena, vurugu zile zile. Safari hii Verlene aliita kila jina akimtazama mtu usoni. Thelathini na sita. Hakuna hata moja ya ziada, na waliopinga walikuwa na haki ya kudai hesabu irudiwe, hata kwenda mahakamani. Mheshimiwa Ione Batchelder, kiongozi wao, mama asiyekubali kushindwa hata kwenye karata, akasimama. Sote tukashika vichwa.

“Nani amehesabu? Verlene?” akauliza. “Basi tumeshindwa. Tuendelee.” Akaketi.

Nilipanda roshani kumtafuta Arlo. Hakuwa anapiga makofi. Alikuwa analia waziwazi, mzee wa miaka sabini na mitatu. “Ingekuwa karani mwingine, tungebishana mpaka Krismasi,” akaniambia. “Huyu mwanamke kanigharimu miaka sita. Na leo azimio langu limesimama kwa sababu ya siku ile ile aliyoliangusha.”

Verlene, ahsante kwa kusimama siku ambayo mimi niliyekuwa karibu zaidi sikusimama. Pumzika kwa raha na huyo mzee wako, na Mungu akupe afya na miaka mingi.