Dakika Tano Kabla ya Kubonyeza

Kwanza niombe radhi. Wasifu huu ulitakiwa utoke kwenye jarida la mwezi uliopita. Mhariri alinikumbusha mara tatu, na mara ya tatu alinitazama tu. Sina kisingizio kikubwa: mtoto wangu anaota meno, na kila nilipoketi kuandika alitaka kalamu, nikimpa kalamu anataka na karatasi. Lakini mstaafu mwenyewe ni mtu anayejua kusubiri, kama mtakavyoona, kwa hiyo naamini atanisamehe.

Mzee wetu wa Uhusiano wa Umma, ambaye idara zote zinamwita Dakika Tano, anastaafu tarehe thelathini Juni baada ya kuitumikia mamlaka yetu ya maji kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupita mitaani na gari la matangazo, kipaza sauti mkononi, kuwaambia watu maji yatakatika saa ngapi na yatarudi saa ngapi. Dereva wake wa enzi hizo, ambaye bado tunaye, anasema Mzee alikuwa akisimamisha gari kila kona, anashuka, anamuuliza mtu wa kwanza kumwona: "Nimesema nini?" Akijibiwa vibaya, wanarudi mwanzo wa mtaa kutangaza upya. Dereva anaapa kuna siku waliuzunguka mtaa mmoja mara nne, mpaka watoto wakaukariri ujumbe na kuuimba mbele ya gari.

Baadaye alipewa meza. Akapitia mbao za matangazo, barua za wateja na kipindi cha redio cha kila Jumatano, halafu mitandao ya kijamii ikabisha hodi. Wengi wa rika lake waliwaachia vijana wakarudi kwenye mafaili. Yeye alimwomba binti yake amfundishe. Alijifunza kwa kidole kimoja, na mpaka leo ni kidole hichohicho. Tulipomuuliza kama haogopi, alisema kipaza sauti ni kilekile, ila sasa kila mtu ana chake.

Jina la Dakika Tano lilitokana na saa. Mezani kwake kuna saa ndogo ya manjano ya kuzungusha kwa mkono, ile ya kupimia mayai jikoni. Kila ujumbe wa ukurasa wetu wa mtandaoni, hata wa mstari mmoja, alimsomea kwa sauti mtu asiye wa idara yetu: msoma mita, mlinzi, mama wa usafi, yeyote aliyepita mlangoni. Kisha alizungusha saa. Msikilizaji akiuliza swali kabla haijalia, ujumbe unarudi kuandikwa. Tulimtania sana. Fundi bomba mmoja alikuwa akipita mlangoni kwetu kwa kunyata asije akaitwa kusikiliza. Mlinzi wa getini naye alinogewa mpaka akawa anadai haki yake: "Leo hamjanisomea, kwani maji hayakatiki?"

Msidhani alikuwa adui wa mitindo ya mtandaoni. Watu walipokuwa wakiweka picha zao za zamani na za sasa, aliweka ile yake na gari la matangazo. Mama wa usafi aliposomewa aliuliza, "Huyu mwembamba ni nani?" Ikabidi Mzee aongeze jina lake. Watu walimiminika kusimulia jinsi alivyokuwa akiwaamsha.

Thamani ya saa ile naijua kuliko mtu yeyote hapa, kwa sababu mimi ndiye niliyeiruka.

Ulikuwa mwezi wa pili tangu nirudi kutoka likizo ya uzazi, na mkataba wangu ulibakiza wiki sita. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka waone bado nimo. Siku hizo ulivuma mtindo wa watu kujimwagia ndoo ya maji kichwani kwa kufuata mdundo fulani, kisha kumtaja mwenzao afuate. Nikajisemea, nani mwenye haki na mtindo huu kama si sisi wenye maji? Jumanne asubuhi, Mzee akiwa mkutanoni, niliwakusanya wasoma mita watatu uani, tukamwagiana ndoo tatu, nikaiweka video kwenye ukurasa. Saa ya manjano niliiona. Nikaipa mgongo.

Kwa dakika arobaini nilikuwa malkia. Hakuna chapisho letu lililowahi kutazamwa vile. Kisha maoni yakageuka. Bomba kuu lilikuwa limepasuka na mtaa wa juu ulikuwa siku ya nne bila maji, na nilijua, maana tangazo lake niliandika mwenyewe. Mama mmoja wa huko akapanga ndoo zake tupu mlangoni, kumi na moja, akazipiga video moja baada ya nyingine kwa mdundo uleule, akaandika: "Na sisi tunafuata. Mwageni." Ilipofika saa sita mchana, ndoo tupu ndizo zilizokuwa zikivuma mji mzima.

Meneja alitaka video ifutwe na mimi nijieleze kwa barua. Mzee alipotoka mkutanoni alikikuta kidole changu juu ya kitufe cha kufuta. Akanishika mkono.

"Usifute, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Tukifuta watasema tumeficha na ndoo."

Hakunigombeza. Alizungusha saa, tukakaa dakika tano nzima, mimi nalia, yeye anamenya chungwa. Ilipolia akasema twende.

Kule juu alisimama ukingoni mwa shimo, mafundi wamezama kwenye tope mpaka magotini, akasema mbele ya simu: video ya asubuhi ni kosa la ofisi yetu, ninyi hamna maji na sisi tumeyachezea. Bomba litaungwa Alhamisi saa kumi jioni. Mpaka hapo, lori la maji litakuwa getini pa shule asubuhi na jioni. Hakusema "mfanyakazi mmoja". Alisema ofisi yetu. Na kabla ya kuiweka video hiyo mtandaoni, akamwonyesha yule mama wa ndoo, ambaye alikuwa amekuja kutuchamba ana kwa ana.

"Na bibi zetu wasioweza kubeba ndoo je?" akauliza mama.

Mzee akarekodi upya, akaongeza namba ya kupiga ili wasiojiweza wafikishiwe maji nyumbani. Yule mama akamkazia macho. "Mzee, si wewe uliyekuwa unapita na lile gari la kelele?"

"Ndiye mimi."

"Ulituchosha wewe! Lakini maji yalikuwa yanarudi saa uliyosema." Akafunga khanga yake vizuri. "Haya, tunaisubiri hiyo Alhamisi. Ikipita, tutajuana."

Mzee aliketi juu ya jiwe akajibu maoni mia mbili na kumi na mawili, moja moja, kwa kidole chake. Alhamisi maji yalitoka saa tisa na dakika arobaini. Tulitaka kutangaza kwa mbwembwe, akatukataza. Alimpigia mama yule afungue bomba lake kwanza. Mama ndiye aliyeutangazia mji: ndoo kumi na moja, zimejaa, mdundo uleule.

Kuhusu mkataba wangu, Mzee alimwandikia meneja mistari miwili: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ukimwondoa huyu utaleta ambaye hajawahi kuumwa. Mkataba ukaongezwa, na kuanzia tarehe mosi Julai ukurasa uko mikononi mwangu. Nilimwambia naogopa. Akasema afadhali, angehangaika kama nisingeogopa.

Wasifu huu nimemsomea mama wa usafi. Dakika ya tatu akauliza: "Sasa anakwenda kufanya nini?" Kwa hiyo naongeza: anakwenda nyumbani kulima mboga na kucheza na wajukuu. Mkewe, muuguzi mstaafu, ameshatoa onyo kwamba ndani ya nyumba yake hakuna matangazo.

Mzee wetu, asante. Ulitusemea kwa watu, na watu ukawasemea kwetu. Upumzike kwa afya na furaha, na bomba la bustani yako lisikauke kamwe.

Ila usizime simu kwanza. Kuna vitu sijavipata, na naomba vifike kabla ya Ijumaa. Saa ya manjano: mkeo anasema ni yake ya mayai, nimeshampelekea mpya, kwa hiyo hakuna udhuru. Daftari la kijani lenye namba za watu wako wa kila mtaa, pamoja na ile karatasi uliyoichana ukaandikia orodha ya sokoni. Neno la siri la ukurasa, usilitume kwa simu, liandike kwenye karatasi umpe dereva. Picha yako ya jarida hili, ya sasa, si ile ya wembamba. Na jibu lako: nakala ya kwanza ya maneno haya nakutumia wewe. Msomee mama watoto kwa sauti, kisha niambie kama ana swali. Nasubiri dakika tano.