Kandambili ya Kushoto

Mwenyekiti, mama mweka hazina, na nyinyi nyote mliokanyaga matope kufika hapa: nimeambiwa nisimame niseme. Nitasimama kidogo, kisha nitakaa, maana huu mguu wa plastiki haupendi hotuba ndefu.

Mmeiona pale nje chini ya dirisha, pikipiki yangu ya magurudumu manne. Wakati naingia, dada mmoja aliniuliza, "Boss, hiyo ni trekta imezaa?" Nikamwambia ndiyo, na mtoto anafanana na baba. Leo nataka kuwaeleza jinsi ilivyowaka. Sitataja jina la mtu. Wanaohusika wamo humu na watajijua.

Nilikuwa mwendeshaji wa bodaboda Malaba. Kazi yangu ilikuwa kupita kando ya ule mstari wa malori yanayongoja kuvuka, nimebeba soda au mikate, au abiria anayekimbilia mpakani. Siku moja gurudumu liliteleza kwenye kokoto nikaanguka upande wa kushoto, pikipiki juu yangu. Ndugu zangu, nawaambia, si kuanguka kulikoniumiza. Injini haikuzima. Mkono wa mafuta ulikuwa umekwama chini, gurudumu la nyuma likaendelea kuzunguka, na mguu wangu ulikuwa kwenye mnyororo. Niliisikia injini ikinguruma na swichi sikuweza kuifikia. Dereva mmoja wa lori aliruka chini akaizima. Ningeweza kuwaeleza mengi ya siku ile, lakini hilo la injini iliyokataa kuzima ndilo naomba mlikumbuke.

Nilirudi nyumbani, upande wa Kocholia, bila mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti. Mke wangu hununua mihogo na viazi vitamu mashambani na kuuza sokoni Malaba. Zamani mizigo yake niliibeba mimi. Sasa aliibeba kichwani hadi barabara kubwa, nami nikibaki barazani nikipukuchua mahindi. Na kuna jambo dogo ambalo wenzangu wa mguu mmoja mtalielewa. Ukinunua kandambili, unauziwa mbili. Ya kulia inaisha, ya kushoto inabaki mpya. Mke wangu alizitia zile za kushoto kwenye gunia chini ya kitanda.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Nakuru, akapiga simu. "Njoo ukae kwangu," akasema. "Utakula, utaangalia televisheni, utatuangalizia nyumba." Alisema kwa upendo, na namshukuru. Lakini nilipokata simu nilijiona kama kabati kuukuu ambalo watu wanajadiliana liwekwe kona gani.

Ni mmoja wenu humu, anayevusha mizigo mpakani kwa baiskeli ya kuzungushwa kwa mikono, aliyekuja kunisimulia kwamba ng'ambo ya mpaka kuna mtu anauza pikipiki ya magurudumu manne. "Mzee, ile haina gia za mguu," akaniambia. "Kila kitu ni mkono. Na haiwezi kukuangusha, inakaa yenyewe kama meza." Usiku huo sikulala vizuri. Mke wangu alikuwa na mtamba aliyemlea mwenyewe tangu ndama. Asubuhi alimtazama mtamba, akanitazama mimi. "Ng'ombe nitapata mwingine," akasema. "Huyu mume wa barazani ndiye simtaki."

Tulimuuza mtamba, tukavuka.

Muuzaji alikuwa muungwana. "Ssebo, bwana wangu, sikudanganyi," akasema. "Injini ni nzima, lakini tangu niitoe kule ziwani ilikokuwa ikibebea wageni, imekataa kuwaka. Mimi si fundi." Nilitoa plagi ya cheche, nikaziba tundu lake kwa kidole gumba, nikamwomba abonyeze stata. Upepo ulikisukuma kidole changu kwa nguvu. Hapo nikajua kifua cha injini ni kizima. Injini ambayo bado inapumua hivyo, ugonjwa wake unatibika. Nikainunua.

Ilifika nyumbani juu ya pikapu, na majirani wote wakatoka. Vijana wa stendi yangu ya zamani walikuja kwa shangwe. "Boss, hii ni kusukuma tu!" mwenyekiti wao akasema. Nyinyi mnajua bodaboda ikikataa tunafanya nini: unatia gia, unasukuma, unaachia klachi, inawaka. Basi wakanikalisha juu, wakaisukuma hadi juu ya mteremko wa kanisa, wakaiachia. Nilishuka kwa kasi nimeshika usukani, kuku wakiruka huku na huku, injini kimya kama jiwe. Wakaipandisha tena. Nikashuka tena. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji akapaza sauti, "Sasa mnamzika ama mnamtembeza?"

Ngoja niwaeleze, kwa sababu wengine hapa wanafikiria kununua kama hii. Haina klachi ya mkono. Ndani kuna mkanda ambao hauishiki injini mpaka injini yenyewe izunguke kwa kasi. Ukiisukuma, unasukuma magurudumu tu. Unaweza kuisukuma mpaka Port Victoria, na huko utafika ukiwa umechoka na injini imelala vilevile. Siku ile hakuna aliyejua, hata mimi.

Kisha akaja fundi wetu wa stendi, mtu wa moyo mzuri. Alimwaga petroli iliyokuwa imekaa mpaka ikanuka kama rangi, akafungua kabureta akaisafisha, akatia petroli safi. Haikuwaka. Lakini kabla hajaondoka alinipa kitu kikubwa kuliko kazi yake. "Mzee, injini ina maswali matatu," akasema. "Nina petroli? Nina upepo? Nina cheche? Usiulize yote pamoja. Uliza moja, likijibiwa, weka kando." Akaniachia spana na bisibisi, akarudi kwa wateja wake.

Siku zilizofuata, kila mgeni aliyepita alijaribu bahati yake. Kuna kifungo chekundu nyuma ya kiti. Kila mtu alikibonyeza. Jirani alikibonyeza, pasta alikibonyeza, hata mama mkwe alikibonyeza kwa fimbo yake, akasema labda kinataka mtu mzima. Hakikufanya kitu.

Habari zikafika Nakuru. Kaka akapiga simu. "Uza hiyo kama chuma chakavu, upate nauli, uje." Mwenyewe akazungumza na mfanyabiashara wa vyuma wa mjini Busia, mzee wa Kiislamu mpole sana, naye mzee akaja na lori lake na mizani. Alinikuta nimekaa karibu na mashine. Hakugusa kitu. "Ndugu yangu," akasema, "hii nikiikata leo, kesho siwezi kuishona. Ijaribu tena. Jumamosi napita Kocholia. Ikiwa bado, nitaibeba."

Basi mambo yalikuwa hivyo: ikiwaka kabla ya Jumamosi, nimebaki na kazi na nyumba yangu. Isipowaka, mtamba wa mke wangu umegeuka vipande vya chuma, na mimi nimegeuka mlinzi wa televisheni Nakuru.

Asubuhi ya Ijumaa nilimwambia mke wangu asiende sokoni. Niliketi kwenye kigoda, mashine mbele yangu, nikauliza maswali kama nilivyofundishwa. Petroli: nililegeza skrubu chini ya kabureta, petroli safi ikatiririka. Nikafunga. Weka kando. Upepo: kichujio nimekiosha, na kidole gumba kilishanijibu kule ng'ambo. Weka kando. Likabaki moja. Nilitoa plagi, nikairudisha kwenye waya wake, nikailaza juu ya chuma cha injini, mbali na petroli.

"Bana breki, bonyeza stata," nikamwambia mke wangu.

"Nimebonyeza!"

Hakuna cheche.

"Tena."

"Baba, kidole changu kinauma. Kuna kitu?"

"Hakuna." Na ndugu zangu, nilicheka. Akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia, "Sasa najua haina nini. Jana sikujua hata hilo."

Kuna kisanduku kidogo cheusi kinachotuma umeme kwenye plagi. Kina nyaya kadhaa, na mmoja kati yake kazi yake ni kuzima tu. Waya huo ukigusa chuma, cheche inakufa. Ufunguo unaizima injini hivyo, swichi ya usukani vilevile. Nikafikiri, je, kama huyu mzimaji ndiye anayezima hata tusipomwambia? Nikauchomoa waya huo mmoja.

"Bonyeza."

Tak, tak, tak. Cheche ya bluu, nzuri kama ua. Mke wangu aliachia stata akaja kuinama karibu yangu. "Hiyo ndiyo?" "Hiyo ndiyo." Tukatazamana kama watu waliopata mtoto.

"Basi irudishe plagi iwake twende!" akasema. Na angekuwa na haki. Ningeuacha waya ule ukining'inia, injini ingewaka, na Jumamosi ningemwambia mzee wa vyuma kwaheri. Lakini fikirini. Waya wa kuzima ukiwa umechomolewa, ufunguo hauzimi, swichi haizimi. Ningekuwa nimekalia injini isiyozimika. Mimi! Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye plagi, nikausikia ule mngurumo wa Malaba. Nikaweka plagi chini.

"Bado," nikamwambia. "Haijaniambia ni kwa nini."

Mke wangu alirudi kwenye stata. Kisha akasema, "Sawa. Iulize."

Hapo ndipo nilipoinuka, ndugu zangu, ingawa nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Mtu aliyekata tamaa hachagui njia ndefu. Nami nilikuwa nimeichagua.

Nikaufuata waya ule kwa kidole. Ukapita chini ya tangi. Tawi moja likaenda kwenye ufunguo, nikalichomoa nikalikagua, halina kasoro. La pili kwenye usukani, nalo halina kasoro. La tatu likapita chini ya kiti, likarudi nyuma kabisa, likaishia kwenye kile kifungo chekundu ambacho kijiji kizima kilikuwa kimekibonyeza. Nikainama nikakitazama vizuri. Shingoni kilikuwa na mfereji mwembamba, umelainishwa, kama alama ya pete iliyovaliwa miaka. Kuna kitu kilikuwa kikikaa pale, na kimepotea. Sikukibonyeza. Nilikishika kwa kucha nikakivuta. Kikatoka nje, tik. Nikakiachia, kikarudi ndani.

Nikaelewa yote. Ni kifungo cha kamba. Upande mmoja wa kamba kuna kibanio kinachokishikilia nje, upande wa pili unafungwa mkononi mwa mwendeshaji. Ukianguka, kamba inavuta kibanio, kifungo kinarudi ndani, injini inazima papo hapo. Aliyeitengeneza mashine ile alimfikiria mtu kama mimi, aliyelala chini asiyefikia swichi. Ilikuwa imekataa kuwaka kwa sababu ilidhani mwenyewe ameanguka na bado hajainuka.

"Nahitaji kitu cha kukibana," nikasema. "Kisiwe kigumu kama chuma, kisiwe laini kama kitambaa. Kama mpira hivi."

Mke wangu aliingia ndani. Nikasikia gunia likiburutwa. Akatoka na kandambili ya kushoto, mpya, haijawahi kugusa mavumbi. "Hizi nilizitunza," akasema, "sikujua za nini."

Nilikata kipande kwenye soli, nikakichonga kiwe na mdomo kama uma, nikakifunga uzi wa kuvaa mkononi, nikakipitisha shingoni mwa kifungo. Kikakaa nje. Nikarudisha waya wa kuzima mahali pake, nikarudisha plagi. Mke wangu akabana breki, akabonyeza kwa kile kidole kilichouma.

Iliwaka.

Kuku walikimbia, mbuzi alikata kamba, na mke wangu alipiga vigelegele mpaka yule mama wa maji akaja mbio akidhani kuna msiba au harusi. Kisha nikafanya jambo lililomshangaza kila mtu: nikavuta kile kipande cha kandambili. Injini ikazima. Kimya. Nikakirudisha, ikawaka. Nikakivuta, ikazima. Nilirudia kama mtoto. Sauti niliyoifurahia zaidi siku ile ilikuwa ule ukimya wake.

Jumamosi mzee wa vyuma hakufika kwangu. Lori lake lilikwama kwenye matope huko chini, na ni mimi niliyemfuata, mke wangu nyuma na magunia ya viazi. Aliniona nikitoka kwenye kona akapiga makofi. "Mashallah! Chuma changu kinakuja chenyewe!" Nilimbebea mizani yake hadi barabara kubwa. Alikataa kuketi, akatembea kando akicheka njia nzima.

Namshukuru yeye kwa kunipa siku. Nawashukuru vijana walionisukuma, maana walisukuma kwa mapenzi hata kama haikusaidia. Namshukuru fundi na maswali yake matatu. Yule muuzaji ambaye hakunidanganya. Kaka yangu, ambaye alikuja Krismasi na nikamchukua stendi mwenyewe. Na kikundi hiki mlioniletea habari mkanifundisha kukaa kwenye viti vya mbele. Mama wa mihogo, wewe nitakushukuru nyumbani, ila wajue kwamba zizini kuna ndama tena.

Ninalotaka kuliacha kwenu ni hili. Mtu aliyeanguka msimtangaze amekufa kwa sababu hakuwaka mliposukuma. Mwulizeni jambo moja moja, mkingoja jibu.

Na wewe ndugu yetu uliyekaa karibu na mlango, uliyekuja leo mara ya kwanza na magongo bado mapya, nimeona ulivyokuwa ukiitazama pale nje. Huu hapa mkononi mwangu ndio uzi, na hiki ndicho kipande chenyewe. Chukua. Tukimaliza, nenda ukaiwashe. Ila kumbuka: kifungo usikibonyeze. Kivute.